Jozi Kamili ya Tarumbeta

Saa kumi na mbili asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka kwenye kioo cha mbele, Afande Stoo alikuwa ameshamgombeza dereva mara mbili: mara ya kwanza kwa kuchelewa dakika tatu, mara ya pili kwa kukana kwamba amechelewa.

Gari lenyewe lilikuwa la kubebea mikate enzi zake. Rangi ilikuwa imechubuka, na katika maandishi yote ya mbele likabaki neno moja, MOTO, hivyo wenye magari wengine walipoliona kwenye kioo cha nyuma walilipisha upesi bila kuuliza. Ndani bado palinukia hamira. Nyuma mlikuwa na benchi mbili, godoro la sponji, na magunia manne ya viatu. Kila kiatu kilikuwa kimoja. Ungepekua magunia yale kutwa nzima, usingepata viwili vinavyofanana.

Isipokuwa leo. Leo, juu ya mapaja ya Afande Stoo, ndani ya sanduku la kadibodi, mlikuwa na jozi kamili: viatu vyeusi vya ngozi, vya kamba, namba arobaini na nne, vilivyopigwa rangi mara tatu mpaka mtu angeweza kunyolea ndevu humo.

"Ukiviangalia hivyo vitaona haya," alisema dereva.

"Endesha."

Dereva huyu aliitwa Gia Tatu. Alikuwa ameendesha malori ya kikosi kwa miaka ishirini na mbili bila kugonga hata kuku, na bila kuingiza gia ya nne hata siku moja. Gia ya nne, alidai, ni ya watu wasio na wake nyumbani.

Afande Stoo naye alikuwa mwanamke wa miaka sitini na moja, mfupi, mabega mapana, na sauti ya kumwamsha mtu aliye nyumba ya tatu. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye vyeti. Kwa miaka ishirini na saba alisimama nyuma ya kaunta ya stoo ya kikosi akigawa mablanketi, kofia za chuma na mabuti, na tangu hapo hakuna aliyemwita vinginevyo, hata mkwewe. Fahari yake ilikuwa moja: hakuandika. Makarani wenzake walikuwa na madaftari, yeye alikuwa na kichwa. Askari alipofika mbele ya kaunta alimtazama miguu, akataja namba, akamtupia buti. Miaka ikapita, watu wakapata vyeo, wakastaafu, wakaota vitambi, na bado alipokutana nao sokoni alisalimia kwa namba. "Arobaini na tatu, hujambo? Mke hajambo?"

Kazi ya viatu kimojakimoja ilianza hospitalini, mwaka wa pili baada ya kustaafu. Alikwenda kumwona mgonjwa, akakuta wodi ina wanaume wawili wanaotazamana vitandani, askari wa zamani wote. Mmoja hakuwa na mguu wa kushoto, mwingine hakuwa na wa kulia. Kila mmoja alikuwa na kiatu kipya cha ziada chini ya kitanda, akikilalamikia kama mpangaji asiyeondoka. Afande Stoo aliinama, akaangalia miguu miwili iliyobaki, akasema, "Arobaini na mbili, na arobaini na mbili. Nyinyi ni pacha." Tangu siku ile walinunua jozi moja wakagawana, na hadi leo mmoja humwandikia mwenzake salamu kwa ajili ya mguu wake wa kulia.

Sasa alikuwa na pacha kumi na moja, wametawanyika kwenye miji ambayo Gia Tatu aliijua kwa mashimo yake. Kila mwezi walizunguka. Walipeleka viatu, lakini viatu vilikuwa ni kisingizio tu. Huyu alihitaji kupelekwa kliniki, yule alihitaji mtu wa kumsomea barua. Mwingine alikuwa ameacha kufungua mlango. Kwake Afande Stoo hakubisha hodi zaidi ya mara moja. Alikaa kizingitini na brashi yake, akaanza kupiga kiatu rangi, akiusimulia mlango umbea wote wa kikosi, na ulipofika mahali pa utamu alinyamaza. Mlango ulifunguka kila mara.

Lakini safari ya leo ilikuwa ya Tarumbeta.

Tarumbeta alikuwa mpiga tarumbeta wa kikosi, mwembamba, mpole, mtu ambaye kwa miaka kumi na tisa aliwaamsha wenzake alfajiri na bado wakampenda. Bomu la ardhini lilimchukua mguu wa kulia chini ya goti, katika safari yake ya mwisho. Miaka minane sasa alikuwa kwenye magongo. Fundi wa miguu ya bandia alikuja kwenye karakana ya hospitali moja ya mbali mara moja kwa mwaka, siku mbili tu. Mwaka jana zamu ya Tarumbeta ilifika akiwa kitandani na homa. Mwaka huu daktari alikuwa amemweleza bila kuzunguka: goti la kushoto limechoka kubeba mwili peke yake, na mwaka mwingine wa magongo huenda likakataa kabisa, na mtu asiye na mguu wa pili wa kumbeba hafungwi mguu wa bandia. Barua ilisema afike leo, saa nne asubuhi, na mtu wa kumsindikiza, na jozi ya viatu vya kufunika atakavyovaa siku zote.

Walimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, suruali imepigwa pasi, pindo la kulia limebanwa kwa pini. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa anafunga mashine yake kwa kitambaa. Futi yake ya kupimia ilikuwa shingoni kama kawaida, maana aliisahau hata akienda kulala. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, jiko nyuma, na kati ya jiko na cherehani hatua sita. Hatua hizo sita ndizo zilizomsumbua Tarumbeta kuliko bomu lenyewe. Chai aliweza kuipika, akaitia tangawizi vizuri kabisa, ila hakuweza kuibeba. Mtu wa magongo mawili hana mkono. Kwa hiyo kila siku alimwita mkewe aje aichukue, mashine ikapiga kelele, mama asisikie, chai ikapoa. Miaka minane ya chai iliyopoa.

"Nikirudi na mguu," alimwambia Afande Stoo, "chai ya kwanza naipeleka mimi. Wewe utakuwa shahidi."

"Panda gari. Ushahidi baadaye."

Njiani Afande Stoo alifungua sanduku akawaonyesha. Tarumbeta alitazama vile viatu kwa muda mrefu, akasema ni vizuri sana, kisha akageukia dirishani kutazama miti. Mkewe alikohoa.

"Wifi, kuhusu hivyo viatu..."

"Usiniulize bei, wifi yangu. Zawadi haina bei."

Baada ya kona kadhaa mama alijaribu tena, na Afande Stoo akamwambia asiwe na wasiwasi juu ya rangi, nyeusi inakwenda na kila suruali. Mara ya tatu Tarumbeta mwenyewe alimgusa mkewe goti, na mama akaanza kuviringisha futi kidoleni.

Karakana ilikuwa chumba kirefu nyuma ya hospitali, sakafu nyeupe kwa vumbi la plasta. Ukutani palining'inia misumeno midogo, na kwenye rafu visanduku vya nyayo za bandia vimepangwa kama mikate. Katikati palikuwa na vyuma viwili vya kushikilia, na mwisho wa vyuma kioo kirefu. Fundi alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, mrefu, aproni imeganda plasta, mtu wa maneno machache. Alishapewa vipimo vya kigutu mwezi uliopita, na kikombe cha kuingizia kigutu kilikuwa tayari mezani. Kilichobaki ni kufunga wayo, kusimamisha mguu na kuunyoosha.

Alimvua Tarumbeta ndala ya kushoto, akaupima wayo kwa rula ya mbao.

"Arobaini na moja," alisema, na kunyoosha mkono kwenye rafu.

Afande Stoo alicheka kwa upole, kama mtu mzima anavyomchekea mtoto aliyekosea hesabu. "Mwanangu, huyu ni arobaini na nne. Nimemvisha miaka kumi na tisa."

Fundi hakubishana. Alichukua kiatu cha kushoto kwenye sanduku, akamvisha Tarumbeta, akafunga kamba mpaka mwisho, kisha akashika kisigino na kukitikisa. Mguu ulicheza ndani ya kiatu kama kijiko ndani ya sufuria.

Afande Stoo aliinama, akabonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba. Palikuwa na nafasi ya kidole kizima pale mbele. Alibonyeza tena.

"Umekonda miguu?" aliuliza.

Tarumbeta alimtazama fundi, akamtazama mkewe, akakosa pa kujificha. "Afande, siku ya kwanza kikosini ulinitupia arobaini na nne. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilisogea kaunta kusema ni kubwa. Mbele yangu alikuwepo jamaa mmoja aliyesema zake ni ndogo. Unakumbuka ulimwambia nini?"

Hakukumbuka.

"Ulimwambia jeshi halibadilishi buti, mguu utajirekebisha. Ulisema kwa ile sauti. Nikageuka nikaenda zangu. Nilijaza magazeti."

"Miaka kumi na tisa?"

"Nilikuwa askari msomaji kuliko wote."

Mkewe alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya futi. Yeye ndiye aliyefua soksi zile, alisema, zilizochapika habari za mwezi mzima, na leo alijaribu kusema mara tatu garini lakini wifi yake ni treni isiyo na kituo.

Fundi ndiye aliyewarudisha kazini. Alieleza polepole. Nyayo za bandia anazo za kila saizi, viatu hana. Mguu wa bandia unanyooshwa ukiwa ndani ya kiatu, kwa urefu wa kisigino cha kiatu hicho hicho, na cha mwenzake kiwe sawa. Akiunyoosha peku, siku mtu akivaa kiatu atakuwa anatembea kama anayeteremka mlima sebuleni kwake. Viatu vinavyopwaya ndio kabisa, ataanguka wiki ya kwanza. Treni yake ilikuwa saa kumi, na kazi ya kuunyoosha mguu ilihitaji saa mbili. "Nina wagonjwa wengine wawili," alisema. "Nitaanza nao. Jozi ya arobaini na moja ikifika kabla ya saa saba, ninamfunga leo. Ikizidi hapo, mama, itakuwa mwakani."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa mwakani maana yake nini kwa lile goti.

Gia Tatu aliwasha gari kabla mlango haujafungwa. Mji ulikuwa mdogo, barabara moja na maduka matatu ya viatu, na dakika arobaini ziliishia humo. La kwanza liliuza ndala. La pili liliuza viatu vya shule, na kikubwa kuliko vyote kilikuwa namba thelathini na nane. La tatu lilikuwa na mabuti ya mpira ya kulimia, yenye visigino virefu, na mwenye duka aliapa kwamba mtu anaweza kuyazoea. Afande Stoo alitoka dukani akasimama juani, mikono kiunoni, saa sita kasoro dakika kumi. Jasho lilimtoka, na siyo la jua. Kichwa chake, kile kilichokuwa daftari la kikosi kizima, kilikuwa kinafungua kurasa kwa fujo.

Kisha akajipiga paji la uso kofi ambalo Gia Tatu alilisikia kutoka garini.

"Mlinzi na Mpishi!"

Pacha wa arobaini na moja, katika mji huu huu. Aliwaletea mwenyewe mwaka jana: jozi moja ya ngozi nyeusi, kisigino cha wastani. Mlinzi, asiye na mguu wa kushoto, alikuwa na kiatu cha kulia. Mpishi, asiye na wa kulia, alikuwa na cha kushoto. Mlinzi alikuwa kwenye kituo cha mafuta hapo mbele, Mpishi ng'ambo ya mto.

Mlinzi alikuwa kibandani kwake, gongo limeegemea redio. Alipoelezwa, hakuuliza swali. Aliinama kufungua kamba, na kiatu kilipotoka, kikatoka na bonge la pamba.

Afande Stoo alilitazama lile bonge. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake akauliza jambo ambalo hakuwahi kumuuliza askari yeyote. "Wewe unavaa namba ngapi?"

Mlinzi alijinyoosha kama yuko gwaride. "Unataka ukweli, afande, au jibu la kijeshi?"

"Ukweli."

"Arobaini."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umetoka mbali," alisema Mlinzi. "Na ulikuwa umefurahi sana."

Hilo lilimkaa kifuani mpaka darajani. Huko walikuta lori la mchanga limekwama katikati, magari yamepanga foleni, madereva wameshuka wanatoa ushauri. Saa sita na robo. Gia Tatu alishuka akapitia watu kama maji, akaingia kwenye lori la mtu asiyemjua, akalisikiliza kidogo, akalirudisha nyuma hatua tatu na kulitoa kwa mkunjo mmoja wa usukani. Alirudi anafuta mikono kwenye suruali. "Gari likikwama usilisukume, liulize," alisema, akiwa ameona raha waziwazi.

Mpishi alikuwa anapakua. Mkahawa wake ulikuwa na meza tano, zote zimejaa, na yeye nyuma ya kaunta amekalia kiti kirefu, upawa mkononi. Alivua kiatu pale pale mbele ya wateja, akakunja na kukunjua vidole kama mtu anayeamka usingizini.

"Namba?" aliuliza Afande Stoo, ameshajiandaa.

"Arobaini na mbili na nusu. Vidole vyangu hulala kwa zamu, afande."

Wateja waliangua kicheko. Afande Stoo hakucheka. Alikiegemeza kiatu kile kifuani pamoja na mwenzake, akasema atarudi na vyao, vya kweli safari hii. Mpishi alimwambia aende, mguu wake ulikuwa haujawahi kupata likizo kama hii.

Saa saba kasoro dakika kumi na mbili. Barabara ilikuwa wazi, imenyooka mpaka hospitali. Garini Afande Stoo alikuwa amekaa na viatu viwili mapajani, kimoja kina joto la mguu wa Mlinzi, kingine cha Mpishi. Alimwuliza Gia Tatu kama kikosi kizima kilikuwa kinamwogopa.

"Kikosi kizima," alisema dereva. "Lakini hata siku moja hakuna aliyekosa buti, afande. Vikosi vingine vilitembea peku. Sisi tulipwaya tu."

Kisha akakaza meno, akakanyaga klachi, na kuingiza gia ya nne. Gari lilishtuka kama limetukanwa, halafu likaondoka. Magari ya mbele yaliona MOTO kwenye vioo vyao yakapisha. "Mke wangu asijue," alipiga kelele Gia Tatu, na Afande Stoo, kwa mara ya kwanza tangu maduka yale matatu, alicheka, akashikilia dashibodi kwa mkono mmoja na viatu kwa mwingine.

Waliingia karakana ikiwa imebaki dakika nne. Fundi alitazama saa ya ukutani, akatazama visigino vya viatu, akaviweka mezani upande kwa upande. "Sawa," alisema, na hiyo ndiyo ilikuwa pongezi yake yote.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya kukaza na kulegeza. Fundi alipiga magoti akiwa na spana ndogo, akamsimamisha Tarumbeta kati ya vyuma, akamwambia apige hatua, akamketisha, akakaza tena nusu mzunguko. Mara ya kwanza goti lilitaka kwenda nje. Mara ya pili kisigino kilitua kwa kishindo. Mara ya tano Tarumbeta alifika mwisho wa vyuma, akajiona mzima kiooni, mtu wa miguu miwili na viatu viwili, akageuka akarudi. Mkewe alihesabu hatua kwa sauti ndogo, kama anayehesabu mishono. Magongo yalikuwa yameegemezwa pembeni, na hakuna aliyeyatazama.

Halafu Tarumbeta alitoka nje ya vyuma. Alisimama peke yake katikati ya sakafu, akayumba, akatulia. Aliiangalia mikono yake miwili mitupu kama mtu aliyepewa mzigo asioujua. Polepole sana akaitia mfukoni.

"Askari!" Sauti ilimtoka Afande Stoo yenyewe, ile ya kaunta, na fundi akaangusha spana. "Mikono mfukoni?"

Tarumbeta alimtazama. Miaka minane hakuwa na mkono wa kutia mfukoni, na kabla ya hapo miaka kumi na tisa alikatazwa. "Nimekusikia, afande," alisema kwa adabu yote, na hakuitoa.

Afande Stoo akajikuta anatafuta leso.

Mezani kwa fundi palikuwa na chupa ya chai na vikombe. Tarumbeta hakuomba ruhusa. Alimimina kikombe kimoja, akakiweka kwenye kisahani, na akaanza safari ya kwenda kwenye benchi alikokaa mkewe. Fundi alimfuata nyuma, mikono tayari, bila kumgusa. Kikombe kililia juu ya kisahani njia nzima. Kilipofika kilikuwa nusu, na nusu nyingine iko sahanini na kwenye kiatu cha Mpishi. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akanywa.

"Ya moto," alisema. Baada ya muda akaongeza, "Haina sukari."

Saa tisa na nusu fundi alikuwa anafunga zana zake kwenda kuwahi treni. Afande Stoo alitoka nje, akafungua milango ya nyuma ya gari, akayatazama magunia manne. Pacha kumi na moja. Watu ishirini na wawili, na Mungu ndiye aliyejua wangapi walikuwa wanatembea juu ya pamba na magazeti kwa kumhurumia. Alipogeuka, mke wa Tarumbeta alikuwa amesimama nyuma yake. Mama aliivua ile futi shingoni, akaiviringisha, akaiweka kwenye kiganja cha wifi yake.

Gia Tatu alikuwa ameketi kwenye ngazi za karakana akijipepea kwa kofia. Afande Stoo alichuchumaa mbele yake, magoti yakalia, akainyoosha futi.

"Vua kiatu."

Dereva alivuta mguu nyuma. "Mimi nipo sawa, afande."

"Vua."

"Miaka ishirini na mbili..."

"Ndiyo maana."

Gia Tatu alivua. Soksi ilikuwa imekunjwa mara mbili mbele, imeshonewa uzi ili isifunguke. Afande Stoo aliutazama mguu ule, akaupima kisigino mpaka kidole, akarudia kupima, kisha akamwuliza fundi, aliyekuwa anapita na mkoba wake, kama ana kalamu ya kumwazima.